Vigo inagonga mbele na stelingi inavuja: nibadili raki nzima au nianze na vidogo?

#1 Mpunga_Tupu
Wakuu habari zenu. Nina pikapu Toyota Hilux Vigo ya 2008, injini ya 2KD, 4x4, imeshatembea kilomita 381,000. Kazi yake ni kutoa mpunga mashambani Madibira na kuupeleka mashineni Ubaruku, ikirudi inabeba mbolea.

Tangu masika yaishe, mbele inagonga. Nikipita kwenye mawimbi ya rafu rodi nasikia go-go-go kama mtu anapiga mlango wa bati, na usukani unatetemeka mkononi. Usukani wenyewe nauzungusha vidole vitatu hivi kabla tairi hazijaitika. Juzi nimeona oili nyekundu imechuruzika kwenye ule mpira wenye mikunjo upande wa kulia. Naongeza kama nusu kikombe kila wiki.

Fundi mmoja Mbeya mjini kaitazama dakika mbili, tena amesimama, akasema: "Raki imekufa, leta milioni moja na laki mbili ya mtumba, ufundi laki na nusu." Sijakataa, ila milioni ni gunia nyingi. Je, ni lazima raki nzima (ule mtambo wa usukani unaosukuma tairi kulia na kushoto)? Au kuna vidogo vya kuanza navyo?

#2 Kotapini
Dakika mbili, tena amesimama? Huyo fundi ana macho ya eksirei.

#3 JikoLaSpea
Mkuu, kama inavuja kwenye mpira, raki imekwisha, usizungushwe. Zile sili za ndani (raba za kuzuia oili) zikishakatika, dawa ni kubadili. Seti ya sili utafunga leo, baada ya miezi miwili unarudi palepale. Nimeona magari mengi.

#4 Spana_Kumi_na_Saba
Nakataa kidogo #3. Kuvuja na kugonga ni magonjwa mawili tofauti, hata kama yamelala kitanda kimoja. Kuvuja ni sili. Kugonga kunaweza kutoka sehemu saba ambazo hazina hata tone la oili.

Mpunga_Tupu, kabla hujatoa hela fanya hivi mwenyewe. Inua mbele, weka vigoda chini ya chesisi (usiamini jeki peke yake, tafadhali). Shika tairi kushoto na kulia, pale mishale ya saa ingekuwa saa tatu na saa tisa kamili kwa saa za ukutani, tikisa. Ikicheza, ni tairodi (kiungo cha nje, kwenye tairi) au raki endi (kiungo cha mwisho wa raki, ndani ya ule mpira). Kisha shika juu na chini, tikisa. Ikicheza hapo, ni boljointi (kiungo cha duara kinachounga tairi na mkono wa chini au wa juu) au beringi. Kuzitofautisha, mtu akanyage breki huku wewe unatikisa: uchezaji ukipotea ni beringi, ukibaki ni boljointi.

Halafu shusha gari, washa injini, mtu atikise usukani kidogo kidogo huku wewe uko chini na tochi. Bana ule mpira wenye mikunjo kwa vidole. Raki endi ikiwa imekufa utaisikia inapiga ndani ya kiganja. Angalia pia mwili wa raki wenyewe, je, unahama kushoto na kulia pale ulipofungwa? Kama unahama ni bushi zake tu, zile raba za kwenye boliti.

#5 Bi_Mdogo_wa_Moro
#4 umeandika vizuri kaka. Niongeze: hata kroosi (kiungo cha msalaba) ya shafti ya usukani, ile ndogo inayoshuka kutoka kwenye dashibodi kwenda kwenye raki. Yangu ilinisumbua mwaka mzima, nikabadili tairodi zote mbili na stabilaiza linki (kile kifimbo kinachoshika stabilaiza, chuma cha kuzuia gari isilale kwenye kona), kumbe ni kakroosi kenye ukubwa wa yai.

#6 Zege
Vigo hizo. Ungekuwa na LN106, Hilux ya zamani, tusingekuwa hapa. Ekseli ya mbele chuma kitupu, springi majani, boksi la stelingi kubwa kama kichwa cha ng'ombe. Hakuna raki wala nini.

#7 Kotapini
Na wewe ungekuwa umekaa kwa daktari wa mgongo.

#8 Zege
😂😂 Mgongo upo. Gari ipo pia. Yako iko wapi?

#9 Mpunga_Tupu
Nimefanya kipimo cha #4 leo asubuhi na dogo wangu. Majibu:
Kulia, tatu na tisa: inacheza, tena kwa sauti. Kushoto kidogo sana.
Juu na chini: kulia inacheza kidogo, kwenye breki inabaki palepale.
Raki yenyewe inahama. Sikutegemea. Ukitikisa usukani inaenda upande labda nusu sentimita halafu ndiyo tairi zinafuata. Bushi zimekuwa kama ugali wa jana.
Nimebana mpira wa kulia, umejaa oili na mchanga. Nilipoufungua vishikizo ulimwaga uji mwekundu.

#10 Spana_Kumi_na_Saba
Basi una vitu vinne kwa mpigo: bushi za raki, raki endi ya kulia (au tairodi, fungua uone), boljointi ya chini kulia, na sili ya kulia. Ule uji ndio ulioua. Mpira ukipasuka, vumbi na mchanga wa shambani vinaingia, vinakaa kwenye fimbo ya chuma inayoingia na kutoka. Kila ukikata kona fimbo inaburuta mchanga kwenye sili. Ndiyo maana wanaobadili sili bila kuangalia fimbo wanarudi, kama alivyosema #3. Futa fimbo kwa kitambaa, pitisha ukucha. Ukucha ukikwama kwenye mikwaruzo au kutu, seti ya sili ni hela ya kumwaga. Ukiteleza kama kioo, seti inafaa, mradi upate mtu wa kuifunga kwa usafi.

#11 JikoLaSpea
Ndiyo nilichosema #3, ila wewe umesema kwa maneno mengi.

#12 Mzee_wa_Gerezani
Kuhusu bei. Mimi niko Kariakoo, siuzi raki lakini nauza vitu vingine vya pikapu, najua wanavyozungumza. Ukiambiwa "mtumba wa Japani" wa raki ya Vigo, cheka kimyakimya. Hilux ya umbo hilo haikuuzwa Japani. Toyota waliacha kuuza Hilux huko mwaka 2004, wakairudisha Septemba 2017 ikiwa tayari ni umbo jipya. Sasa huo mtumba wa Vigo kutoka Japani ulitoka kwenye gari gani?
Mitumba halali ya Vigo yenye usukani wa kulia inatoka Thailand, Afrika Kusini, Uingereza na Australia.

#13 Kotapini
Mzee leo umewakosesha watu chakula cha mchana.

#14 Mwananchi_Leicester
Kweli. Ila raki kutoka huku Uingereza ziangalieni kwa jicho la pili. Wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani ili barafu isigande, chumvi inakula kila kitu cha chini. Nati za kurekebishia tairodi zinaungana na fimbo zinakuwa chuma kimoja. Na fimbo yenyewe inapata vijidonda vya kutu pale inapotoka kwenye sili. Hiyo fimbo hata ukifunga sili mpya itazikata.

#15 Usukani_Bukavu
Jambo bandugu. Nami niseme neno: angalieni raki ya Dubai. Mwaka jana ndugu yangu wa Kigoma alinunua raki ya Dubai, safi, ya kung'aa, akaifikisha gereji. Haikuingia. Dubai wanatembea upande wa kuume kama sisi huku Kongo, usukani uko kushoto, na pinioni ya raki (gia ndogo inayopokea shafti ya usukani) iko kushoto. Yake ilitaka kulia. Mwisho aliniuzia mimi kwa nusu bei. Inatembea vizuri mpaka leo 😄

#16 Bi_Mdogo_wa_Moro
Hahaha, hiyo ndiyo inaitwa ujirani mwema.

#17 Mzee_wa_Gerezani
#15 umenena. Wapo wanaokuambia "igeuze tu, itaingia". Haigeuki. Ukiigeuza, ukikata kulia gari inaenda kushoto.

#18 Njoro_Pikapu
Sasa nyinyi mnaongea mtumba tu. Mimi niko Nakuru, nilinunua mpya ya kampuni nyingine (si ya Toyota) Kirinyaga Road kwa bei karibu sawa na ya mtumba. Imekaa miaka mitatu, barabara za Mau. Wengine wataniambia nilibahatika.

#19 JikoLaSpea
Ulibahatika.

#20 Spana_Kumi_na_Saba
Ulibahatika kidogo na ulichagua vizuri kidogo. Raki mpya za nje zinatofautiana kama mihogo; mmoja mtamu, mmoja mchungu, mti uleule. Nimefunga mbili zikakaa, moja ikavuja kabla gari haijatoka gereji. Wakati mwingine mtumba wenye fimbo safi ni bora kuliko mpya usiojulikana. Wenzangu hawakubali, najua.

#21 Fundi_Asiyelala
Sikubali. Mtumba ni kununua uchovu wa mtu mwingine. Mimi kwa Mpunga_Tupu ningefunga bushi mpya, raki endi mbili, tairodi mbili, mipira mipya, boljointi, nisafishe fimbo. Raki ningeiacha na kuvuja kwake mpaka mavuno. Nusu kikombe kwa wiki si kitu. Gari inakula oili ya injini zaidi ya hiyo.

#22 Bi_Mdogo_wa_Moro
Kaka #21, oili ikiisha akiwa anashuka Kitonga na mzigo? Pampu ikinyonya hewa usukani unakuwa jiwe kwenye kona. Tusishauriane hivyo.

#23 Fundi_Asiyelala
Kasema anabeba mpunga Madibira hadi Ubaruku, Kitonga imeingiaje dada? Lakini nakubali, aangalie kidumu cha oili ya stelingi kila asubuhi.

#24 Zege
Boksi la stelingi la LN106 linavuja miaka kumi, unaweka grisi nzito, unaendelea.

#25 Kotapini
Tunajua Zege. Tunajua.

#26 Mpunga_Tupu
Nashukuru wote. Fimbo nimepitisha ukucha, inakwama sehemu mbili. Kwa hiyo seti ya sili nimeifuta. Nimepata raki ya mtumba ya Thailand kwa laki sita na nusu kutoka Dar, imekuja na basi. Fimbo inang'aa, nimeipima kabla ya kulipa (kijana wangu alienda na kitambaa cheupe, muuzaji alimwangalia kama mwizi). Nimeongeza raki endi mbili, tairodi mbili, bushi za raki, boljointi ya chini kulia na mipira. Tutafunga wenyewe Jumamosi mimi na fundi wa kijijini. Naomba maelekezo ya mtu aliyewahi kufanya, si ya kitabu.

#27 Spana_Kumi_na_Saba
Sawa, soma taratibu.

Kabla ya kitu chochote nyosha tairi mbele, zima, toa funguo, halafu funga usukani na mkanda wa siti usizunguke. Hili ni la kwanza kwa sababu raki ikishatoka, usukani unabaki huru. Mtu akiuzungusha kwa kucheza, ule utepe wa waya wa honi na eabegi ulio nyuma yake unakatika. Mafundi wanauita spairo kebo. Nimeshuhudia mtoto wa mteja akikaa kwenye siti ya dereva anaendesha gari lisilo na raki, "vuuum vuuum". Spairo kebo kwisha.

Weka alama kwenye shafti ya usukani pale inapoungana na raki. Tumia rangi ya kucha, haifutiki na oili. Mwombe shemeji.

Tairodi usizipige kwenye nyuzi. Legeza nati iache mwishoni, kisha piga nyundo ubavuni mwa jicho la chuma linaloshika pini. Mara mbili tatu za nguvu, inaruka yenyewe. Ukipiga nyuzi utaikunja na hata kuitoa hutaweza.

Kabla ya kutoa tairodi za zamani, hesabu ni mizunguko mingapi mpaka inatoka, andika. Mpya ziingie mizunguko hiyohiyo. Haitakuwa alaimenti (kupima na kunyoosha tairi kwa mashine), ila gari itafika kwa mtu wa alaimenti bila kula tairi. Na usikae wiki hujaenda.

Paipu mbili za oili: moja ya kwenda, moja ya kurudi. Ziba midomo yake kwa mfuko na raba, mchanga usiingie. Zile washa (ringi bapa) za shaba kwenye boliti za paipu weka mpya, ni bei ya soda.

Yangu ilitulazimisha kushusha stabilaiza ili raki itoke ubavuni. Kwa hiyo tayarisha bushi za stabilaiza pia, utaona zimekwisha, utalia.

Kabla raki mpya haijaingia, izungushe mwisho mmoja hadi mwingine ukihesabu, rudi nusu. Hapo ndipo kati. Ukifunga bila hivyo utakata kona kulia zaidi kuliko kushoto.

Raki endi: ile washa yenye masikio, ikunje masikio kwenye bapa la fimbo. Wengi wanaisahau, raki endi inajifungua yenyewe.

Nati ya tairodi yenye meno: ukishakaza na tundu la kotapini (pini ya kuzuia nati isifunguke) halijalingana, kaza mbele mpaka lilingane. Usirudishe nyuma hata nukta.

#28 Mpunga_Tupu
Rangi ya kucha. Shemeji kauliza ni ya nini, nimemwambia ya gari, haamini.

#29 Njoro_Pikapu
#27 hujasema oili. Ni ile nyekundu ya gia otomatiki, Dekstroni mbili au tatu. Si oili ya breki! Jirani yangu aliweka ya breki, mipira yote ya stelingi ikafura kama maandazi.

#30 Spana_Kumi_na_Saba
Asante, nilisahau. Na toa ya zamani yote: chomoa mpira wa kurudi, uelekeze kwenye chupa, geuza usukani huku unaongeza mpya mpaka itoke safi. Vyuma vya raki ya zamani vimebaki humo, vitaila mpya.
Kutoa hewa: mbele iwe juu, injini IMEZIMWA, zungusha usukani mwisho hadi mwisho taratibu mara kumi na tano hivi, ongeza oili ikishuka. Ndipo uwashe. Ukiwasha kwanza, oili inatoa povu kama sabuni na pampu inalia. Usishikilie usukani kwenye kona ya mwisho zaidi ya sekunde chache, pampu inachemka.

#31 Mpunga_Tupu
RIPOTI. Tulianza saa mbili asubuhi tukamaliza saa mbili usiku. Boliti moja ya raki ilikataa, tukamwaga oili ya kulegeza, tukanywa chai, tukarudi, ikatii. Stabilaiza ilishuka kama ulivyosema, bushi zake zilikuwa majivu.

Habari njema: haivuji. Usukani haukawii tena kuitika, ni karibu kidole kimoja. Kwenye lami tulivu ni kama gari nyingine.

Habari mbaya mbili. Moja: usukani umekuwa mzito, na nikikata kona haurudi wenyewe, lazima niurudishe kwa mkono. Mbili: kule kugonga kumepungua lakini hakujaisha. Nikishuka kwenye tuta polepole, kulia inagonga mara moja: "tok". Si go-go-go tena.

#32 Fundi_Asiyelala
Kutorudi: kuna nati kubwa upande wa pinioni, inabana kidude chenye springi kinachosukuma fimbo kwenye meno. Wauzaji wa mitumba wanaikaza ili raki ionekane haichezi dukani. Ilegeze kidogo, robo ya robo ya mzunguko, jaribu.

#33 Spana_Kumi_na_Saba
Usiiguse mpaka ufanye alaimenti! Kama kasta (mlalo wa mhimili wa tairi kwenda mbele au nyuma) imekwenda vibaya usukani hautarudi hata raki ikiwa mpya ya kiwandani. Na kasta kwenye Vigo inarekebishwa kwa zile boliti za kamu (zenye kisahani kisicho katikati, ukizizungusha mkono unasogea) za mkono wa chini. Mlipofungua boljointi mkono ulicheza, huenda na kamu zilihama.

#34 Mpunga_Tupu
Nimeenda alaimenti. Jamaa kasema kamu za kulia hazizunguki. Zimeganda ndani ya bushi, chuma na chuma. Ameweka sawa kuelekea kwa tairi tu, kamba (mlalo wa tairi kwa juu, ndani au nje) na kasta kaacha. Akaniambia nibadili mikono miwili ya chini pamoja na boliti. Laki nne nyingine. 😩

#35 Kotapini
Sasa ndiyo unaelewa kwa nini yule fundi wa #1 alisema milioni moja na laki mbili kwa kusimama tu. Alikuwa amejumlisha.

#36 Mzee_wa_Gerezani
Kamu za Toyota zinaganda kila mahali, hata Prado. Zichomwe kwa gesi polepole na kupigwa, au zikatwe kwa msumeno pande mbili, utoe mkono. Bushi zikishaungua ni mpya tu. Usimruhusu mtu achome karibu na mpira wa raki yako mpya.

#37 Bi_Mdogo_wa_Moro
Mimi bado nasema kroosi ya shafti. Ikikauka inakuwa ngumu, usukani haurudi. Tena wewe uliitoa ukairudisha, huenda imeingia ikiwa imepinda. Iloweshe oili, tikisa kwa mkono ukiwa umeichomoa: isogee kila upande bila kukwama.

#38 Zege
Au hewa ya tairi. Angalieni vitu vya bure kwanza.

#39 Mpunga_Tupu
Zege 😂 tairi ya kulia ilikuwa 22, kushoto 35. Nimejaza zote 35. Wepesi umerudi kama nusu. Nakuomba radhi kwa kukucheka.

#40 Zege
LN106 haikufanyi hivyo.

#41 Njoro_Pikapu
Sasa hiyo "tok" ya kwenye tuta. Shokapu, ile raba ya juu. Au boljointi ya JUU, ulibadili ya chini tu.

#42 Fundi_Asiyelala
Stabilaiza linki. Ichomoe upande mmoja, endesha mita mia kwenye matuta. Ikinyamaza umempata mwizi.

#43 Spana_Kumi_na_Saba
Kabla ya yote hayo: inagonga ukiwa umekanyaga breki au umeachia? Pita tuta lilelile mara mbili, mara ya pili shika breki kidogo.

#44 Mpunga_Tupu
Nimejaribu sasa hivi, nimetoka kwenye tuta la shule. Nikishika breki: kimya. Nikiachia: tok.

#45 Spana_Kumi_na_Saba
Basi ni pedi za breki zinacheza kwenye kalipa (kile chuma kinachobana pedi). Vile vibati vya kushikilia pedi ama vimepotea ama vimelegea.

#46 JikoLaSpea
Au raki. Mtumba huo.

#47 Njoro_Pikapu
Au boljointi ya juu. Ukishika breki gari inainama mbele, mzigo unahamia kwenye boljointi, inanyamaza. Haimaanishi ni pedi.

#48 Kotapini
Kwa hiyo tumerudi #1, ila raki ni mpya na mfuko ni mwepesi.

#49 Mpunga_Tupu
Kesho nafungua tairi ya kulia niangalie vibati, nichomoe na linki. Kamu nimeziachia hadi nikiuza mpunga. Usukani unarudi robo tatu, hiyo robo narudisha mwenyewe, mkono haujavunjika. Kidumu cha oili siku tisa hakijashuka hata kidogo.
Kwa aliye Mbeya au Iringa, mchele super mpya upo, umekobolewa jana.

#50 Mwananchi_Leicester
Kilo bei gani? Nina mama yangu Makambako.

#51 Mzee_wa_Gerezani
Mpunga, usiupakie kabla hujafungua hiyo tairi. Picha ya vibati tuletee hapa.